Kabla ya kusema "silipi", tuulize nani halipi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Bukavu, Machi 2024



Wamenipa dakika makumi mbili niseme juu ya bajeti ya mji, kodi ya nyumba na deni la leta. Najua hii habari haina vigelegele. Siku ya kutembea barabarani tunakuwa wengi, siku ya kusoma hesabu viti vinabaki wazi. Aksanti kwa ninyi mulikuja.

Nianze na lile linatugawa. Kwenye gurupu zetu za WhatsApp kuna wenzetu wanasema: "Barabara zimekufa, maji hayafiki, tusilipe tena kodi yoyote mpaka watengeneze." Ninawaelewa. Nilimaliza lisanse ya uchumi, nimepeleka dosye yangu kila mahali, hakuna jibu. Siko na mshahara wa kutetea, siko na nyumba ya kutetea. Lakini ninawaomba jambo moja: kabla ya kusema "silipi", tujue kwanza nani analipa mji huu na nani haulipi. Juu tukitangaza mgomo wa kodi leo, wa kwanza kufurahi atakuwa mwenye nyumba ya etaji tatu ambaye tangu zamani halipi kitu. Atasema: "Hata vijana wako pamoja na mimi."

Na neno moja ya kuelewana. Nikisema "kodi" leo, nasema impo, ile inaenda kwa leta. Ile munalipa mwenye nyumba kila mwezi nitaiita bei ya nyumba.

Bajeti ni ahadi

Bajeti ni karatasi ya pande mbili. Upande mmoja: feza wanafikiri itaingia mwaka huu. Upande wa pili: kazi wanataka kufanya nayo. Shikeni hilo neno "wanafikiri". Kwenye karatasi zao wanaandika prévisions. Mtu akisema "komini iko na bajeti ya milioni kadhaa", hiyo feza haiko kwenye sanduku. Muulize: imepangwa ama imeingia? Kama imeingia, imetoka kwenda wapi?

Na kutoka kwake kuna njia. Sheria ya feza za leta, ile ya tarehe 13 Julai 2011, inapitisha kila matumizi kwa hatua nne. Ya kwanza, komini inajifunga: inaagiza kazi. Ya pili, wanahakikisha kazi imefanyika na wanapiga hesabu kamili. Ya tatu, mwenye mamlaka anatia sahihi kwamba walipe. Ya ine, mhasibu anatoa feza.

Juu ya nini nawachosha na hatua hizi? Juu zinatusaidia kuuliza vizuri. Mfereji ukilipwa na haujachimbwa, mtu alidanganya kwenye hatua ya pili, na kuna sahihi ya mtu kwenye hiyo karatasi. Mfereji ukichimbwa na haujalipwa, feza ilikwama mbele, na anayelia ni kijana aliyeshika koleo. Sisi tumezoea kupiga kelele "wameiba!" na wakubwa wamezoea kutusikia. Siku tutauliza "nani alitia sahihi kwamba kazi hii imekwisha?", watakaa vizuri kwenye kiti.

Feza inatoka mahali patatu

Mahali pa kwanza ni Kinshasa. Katiba ya 2006, kwenye artikle 175, inasema jimbo lina haki ya 40% ya mapato ya taifa, na inakatwa pale pale inapoingia. Artikle 181 inaweka tena 10% kwa kasha ya péréquation, ya kusaidia majimbo kujenga. Halafu sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na shefferi inasema hizo ndogo ziko na haki ya 40% ya sehemu ya jimbo. Pigeni hesabu: kwenye kila franga 100, 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo 40, franga 16 zinapaswa kushuka kwa miji, komini na shefferi zote za jimbo. Hiyo ni sheria. Kwa matendo, Kinshasa inapokea yote, halafu inatuma kile inataka na siku inataka. Jimbo nalo, likipokea kidogo, linashusha kidogo zaidi. Bajeti nyingi za komini zinaandikwa na feza ambayo haitafika, na kila mtu mezani anajua.

Mahali pa pili ni jimbo lenyewe. Artikle 204 ya Katiba inaweka mikononi mwa jimbo kodi tatu zenye uzito: impo ya nyumba na viwanja, impo ya bei ya nyumba zinazokodishwa, na impo ya magari. Hapa Kivu ya Kusini zinakusanywa na DPMER. Burugumesta akikuambia "ile kodi ya nyumba si mimi naikusanya", hakudanganyi. Sasa muulize: "Jimbo lilikurudishia kiasi gani mwaka jana?" Hapo ndipo ataanza kukohoa.

Mahali pa tatu ni komini na mji wenyewe: feza ya soko, ya parkingi, ya karatasi za kuzaliwa na ndoa, na vitu vingine vidogo vidogo.

Sasa angalieni vizuri. Kinshasa haitumi sawasawa. Kodi ya nyumba kubwa hailipwi sawasawa. Inabaki nini cha kuendesha komini kila siku? Inabaki mama wa soko. Mama yangu anauza sambaza. Kila asubuhi anatoa feza yake kabla hajauza hata kikombe kimoja, juu anayekusanya anamkuta palepale na beseni yake. Ukikosa kulipa, wanachukua beseni. Nyumba ya etaji tatu haiwezi kubebwa kichwani, basi mwenyewe anangojewa, anaandikiwa barua, anazungumza na mkubwa, mwaka unapita.

Ndiyo maana nasema mji huu unalipwa na wale ambao ni rahisi kuwakamata.

Kodi ya nyumba inahesabiwa namna gani

Msingi wa kodi ya nyumba ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Wengi wetu hapa, hata baba zetu walikuwa watoto. Sheria hiyo haiulizi nyumba ina bei gani. Inapanga mahali kwa daraja, halafu kwa villa inahesabu ukubwa, metre carré. Kwa nyumba zingine inahesabu etaji kwa bei moja iliyowekwa. Kiwanja kitupu nacho kina kodi yake. Majimbo yanaweza kugusa viwango, lakini mawazo yamebaki ya 1969.

Ubaya wake unaonekana hivi. Nyumba mbili, ukubwa ni mmoja, daraja ni moja. Moja ni ya matofali ya zamani, bati limetoboka, ndani wanaishi familia tatu. Ya pili iko na marumaru, jenereta, ukuta na mlinzi. Kwenye karatasi zinaweza kulipa sawa.

Kodi ya pili ndiyo inagusa sana vijana wa Ibanda: ile ya bei ya nyumba. Kiwango kilichojulikana miaka mingi ni 22% ya bei ambayo mwenye nyumba anapokea. Na kama mpangaji ni kampuni ama shirika, yeye mwenyewe anakata 20% mbele ya kumlipa mwenye nyumba, anaipeleka kwa leta, mwenye nyumba anamalizia 2%. Kila jimbo linaweza kubadilisha kwa édit yake, kwa hiyo mukienda kuuliza, ulizeni kiwango cha mwaka huu.

Tupige hesabu ya mfano, mimi ndiye naitunga. Nyumba moja ya Muhumba imekodishwa na shirika kwa dola 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 12,000. Kwa 22%, kodi ni dola 2,640. Sasa tuseme mama mmoja wa soko ya Kadutu analipa franga 500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni franga 150,000. Tukiweka dola kwa franga 2,700, ni karibu dola 55. Basi nyumba moja ikikosa kulipa, unahitaji karibu wamama 48 wakae juani mwaka mzima kujaza hilo shimo. Nyumba moja! Na munajua wenyewe nyumba ngapi za dola zimesimama kati ya Muhumba na Nguba.

Najua swali linakuja: "Ukimlipisha mwenye nyumba, si atapandisha bei yetu siye wapangaji?" Ni swali la kweli. Jibu langu ni hili: mwenye nyumba anaomba bei ambayo soko inamruhusu, akilipa kodi ama asilipe. Leo wengi hawalipi, na bei imeshuka? Haijashuka. Lakini nakubali kwamba kuna mzee mwenye chumba kimoja cha nyuma anachokodisha ili alishe wajukuu. Huyo asiwe wa kwanza kugongewa mlango. Waanze na nyumba zinazolipwa kwa dola, zenye kontra, zenye mpangaji ambaye ana mhasibu. Karatasi zake ziko tayari.

Inawezekana: angalieni Freetown

Mtu anaweza kusema: "Hizo ni ndoto, Afrika haiwezi kuhesabu nyumba zake." Basi nawapeleka kidogo Sierra Leone. Freetown nayo ni mji wa milima, umejaa nyumba zilizojengwa bila mpango, mvua inashusha udongo kama kwetu. Nao walikuwa wanahesabu kodi ya nyumba kwa ukubwa. Wakati wa meya Yvonne Aki-Sawyerr, waliangalia mji kwa picha za satelaiti na wakatuma watu kupita kwenye njia. Kila nyumba ikapewa pointi kwa vitu ambavyo kila mtu anaviona akiwa nje: mahali ilipo, ukuta, bati, madirisha, barabara inayofika. Orodha ya nyumba ilipanda toka karibu 57,000 hadi karibu 120,000. Zaidi ya nusu ya nyumba za mji zilikuwa hazimo kwenye kitabu! Na kwa hesabu mpya, wenye nyumba kubwa walipandishwa, na wenye nyumba za chini kabisa walishushwa.

Sikusema Freetown imekuwa mbinguni. Nasema tu walianza na swali rahisi: nyumba ziko ngapi, na ni nyumba gani? Hapa kwetu, swali hilo kila kijana wa avenyu anaweza kulijibu kwa avenyu yake.

Na deni?

Tunaposikia "deni la leta" tunafikiri Washington na Paris. Katiba imegawa vizuri: mkopo wa inje ni kazi ya taifa peke yake, hata kama ni kwa faida ya jimbo. Jimbo linaweza kukopa ndani ya inchi.

Deni lenyewe si dhambi. Ukikopa kujenga soko, na soko inaingiza feza, na feza inalipa mkopo, hiyo ni akili. Ubaya ni kukopa kitu ambacho anayelipa hatakiona. Munajua mstari wa umeme wa Inga-Shaba? Karibu kilometa 1,700, ulianza kufanya kazi 1982. Ulipita juu ya vijiji na miji ambayo ilibaki gizani, umeme unaenda kwenye madini ya Katanga. Ni moja ya miradi iliyojaza deni la Zaire. Deni likakaa mpaka Julai 2010, pale wakopeshaji walikubali kutufutia dola bilioni 12.3. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nilizaliwa ndani ya deni hilo, na hakuna mtu alimuuliza baba yangu kabla ya kulichukua.

Lakini kuna deni lingine, na hilo mji unalichukua kila mwezi bila kuandika mkataba. Mfanyakazi wa komini ambaye hajalipwa miezi, huyo amekopesha komini. Mwenye kazi aliyeweka mawe kwenye barabara na fakitire yake inalala kwenye meza, amekopesha mji. Hawakuulizwa kama wanataka, na hakuna riba wanayopata. Na munajua mfanyakazi asiyelipwa anafanya nini: anajilipa mwenyewe. Anakuja sokoni na jeto isiyo na namba. Basi tumerudi kwa mama wa sambaza. Kodi ya nyumba ambayo haikulipwa Muhumba imegeuka deni kwa mfanyakazi, na deni la mfanyakazi limegeuka jeto ya uongo Kadutu. Ni mnyororo mmoja.

Kwa hiyo mukisoma bajeti ya komini, tafuteni mstari wa arriérés. Kama haupo kabisa, na munajua wafanyakazi hawajalipwa, hiyo bajeti imeficha kitu.

Basi tulipe ama tusilipe?

Katiba inasema kulipa kodi ni deni la kila mtu. Wakubwa wanapenda kutukumbusha hilo. Lakini artikle 174 ina maneno mengine ambayo hawayasomi kwa sauti: hakuna kodi bila sheria, na hakuna mtu wa kusamehewa kodi bila sheria. Vyote viwili. Yule anayekutoza kitu kisichokuwa kwenye sheria anavunja Katiba. Na yule mkubwa ambaye nyumba yake haiguswi juu ya simu moja, naye anavunja Katiba.

Hapo ndipo nguvu yetu iko. Tukisema "hatulipi", tunaonekana wavunja sheria, na wale wakubwa wasiolipa wanajificha nyuma yetu. Tukisema "wote walipe kwa sheria, na hesabu itoke mbele ya raia", tunawaacha peke yao inje, kila mtu awaone.

Na wakati ni huu. Miaka yote tangu Katiba hii, bajeti za komini zilitengenezwa na watu waliowekwa, bila baraza lililochaguliwa. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, tulichagua washauri wa komini. Kazi yao ya kwanza kwa sheria ni kupiga kura ya bajeti na kuangalia burugumesta. Wengi wao, niwaambie wazi, hawajawahi kusoma bajeti. Tusiwacheke. Tuwafikie mbele ya wengine hawajawafikia.

Na hii haitakuwa mara ya kwanza hapa kwetu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, komini kama Ibanda na Bagira, na shefferi ya Luhwinja, zilijaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Watu walialikwa kwa SMS, wakakaa kwenye mikutano, wakachagua kazi ya kwanza kufanywa. Mawazo hayo yalianza Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989. Mradi ulipoisha, desturi ikalala. Siye tuko na simu nzuri kuliko zile za wakati ule. Tunakosa kuamka tu.

Basi nawaomba kazi tatu.

Ya kwanza: kitansi. Kila mtu akilipa kitu chochote, aombe kitansi yenye namba, apige picha, aiweke. Wasaidieni wamama wa soko kufanya hivyo. Musigombane na mwenye kukusanya. Naye mara nyingi hajalipwa. Muombe karatasi tu, kwa heshima, kila siku.

Ya pili: avenyu. Wawili wawili, hesabuni nyumba za avenyu yenu. Ngapi za mbao, ngapi za matofali, ngapi za etaji, ngapi zenye kibao cha shirika ama biashara. Musiandike jina la mtu, musipige picha ya mtu, musiingie ndani ya lupango. Tunahesabu nyumba, hatutafuti adui. Nataka tuwe na avenyu kumi kwa kila komini kabla ya mwezi wa sita.

Ya tatu: barua. Tutaandika kwa kila komini, Ibanda, Kadutu na Bagira, tukiomba karatasi mbili: bajeti ya mwaka huu na hesabu ya mwaka uliopita, ile inaonyesha kilichopangwa mbele ya kilichoingia na kilichotoka. Kopi kwa washauri. Artikle 24 ya Katiba inatupa haki ya habari. Wakikataa, waandike kwamba wamekataa. Hata hiyo ni jibu. Na Cour des comptes, ambayo Katiba imeipa kazi ya kuangalia hesabu za majimbo na komini, majaji wake waliapa 2022. Barua inaweza kufika huko pia.

Wale wenye wazo la mgomo wa kodi, sijawafunga mdomo. Tukimaliza kazi hizi tatu na hakuna mlango uliofunguka, turudi hapa tuzungumze tena, na wakati huo tutakuwa na hesabu mkononi. Leo tuko na hasira peke yake, na hasira haina namba ya kitansi.

Karatasi za kuandikia avenyu ziko kwenye meza ya nyuma, na biki pia. Biki murudishe, tafazali.